Umenitosha

Hewa Bora, Lubumbashi
tarehe 4 mwezi wa pili, 2024

Yaya Alimasi,

Asalaam aleikum. Huku bote tuko bazima, ni goti ya Mama tu njo inasumbua. Mvua ikikaribia inamuambia mbele ya mawingu. Anakusalimia, anauliza kama huko unakula bukari ao umeshakuwa muntu wa wali. Ndugu yetu Jamali amemaliza nyumba yake ku Ruashi. Bati inangaa, mais vumbi inaingia mpaka mu sukari, bibi yake anafunika kila kintu na kitambaa. Uliniambia nisikuite Yaya ku barua, juu bantu ba pale ku duka yako bakisoma banazani unaandikiwa na mutoto uliyemulea. Bacheke tu. Uko mukubwa wangu, uko Yaya.

Naandika barua juu ku simu unasema "poa, poa" na unakata. Barua haiwezi kukata. Inakuja na Chola, ule dereva wa lori, pamoja na bitabu bitano. Ndiyo, kitabu yangu imetoka. Ni ndogo, inaingia mu mufuko ya kanzu. Bantu ba ku soko banainunua pamoja na bitenge, muteja anachagua kitambaa, kisha anauliza, "na ile ya mapenzi?"

Mais basomi bamenipiga. Kuko mwalimu mumoja hapa, Mardochée, anasema juu ya bitabu ku radio kila siku ya kwanza ya juma. Alisoma kurasa mbili na sauti ya muntu anayenusa maziwa ya kuoza, ku soko mpaka leo banaiigiza. Alisema: "Dada huyu analia toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Angelia kwa Kifaransa tungevumilia. Angelia kwa Kiswahili bora tungejifunza. Analia kwa Kiswahili cha sokoni." Mama alizima radio. Mi nilibaki nakunja bitenge.

Sasa ile maneno yenyewe. Moja ya bile bitabu ni ya Bwalya. We unajua fasi anakaa huko Dar, mi sijue tena. Unakumbuka alikuwa anafika kila mwezi na lori ya kubeba shaba ku Kinsevere, anakula kwetu, Mama alishaanza kumuita mukwe. Kisha ikakuwa miezi mitatu, kisha simu, kisha hata simu hakuna. Sina haya na we: namuwaza nikifungua duka, namuwaza nikifunga. Mashairi yote ni yake, na ile ya "Umenitosha" njo yake zaidi. Mupatie mu mikono. Kisha uniandikie uso wake ilikuwa namna gani.

Mwajuma


Kariakoo, Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Mdogo wangu Mwajuma,

Waaleikum salaam. Barua imefika na vumbi la njia nzima, na vitabu navyo, salama kabisa. Tumo katika kumi la mwisho la Ramadhani. Shemeji yako anapika kupita kiasi, mimi nashiba kupita kiasi. Dukani spea za malori zinatoka, Alhamdulillahi. Mwambie Mama bukari nakula, ila huku unga wanausonga laini mno, wanauita ugali.

Nina habari ya kukufanya ukae chini. Kuna bwana mmoja huja dukani kutafutia spea gari lake bovu, naye ndiye anayeandika ukurasa wa vitabu katika gazeti moja la Jumapili. Nikampa kitabu chako, nikidhani atakisahau kwenye kiti cha nyuma. Jumapili iliyopita amekijazia nusu ukurasa. Nimekukatia kipande na kuambatisha, lakini ngoja nikunakilie hapa penyewe, kwa maana najua utataka kukisikia kwa sauti yangu. Kwanza ameweka ubeti wako:

Umenitosha mu nyumba,
umenitosha mu simu,
umenitosha mu jina,
na mama anauliza kama nimekula.

Kisha anasema: "Ushairi wetu wa mapenzi umejaa walalamikaji. Hatimaye amekuja mwanamke aliyeridhika. Mpenzi wake anamtosha nyumbani, anamtosha hata kwa sauti tu ya simuni, na jina lake peke yake linamtosha. Mama anauliza kama amekula. Ale nini, na ameshashiba mapenzi?"

Hapo nikaliweka gazeti chini. Mimi na wewe tukimwambia mtoto "tosha viatu", mtoto anavua. Tukisema "tosha sufuria ku moto", sufuria inaondoka motoni. Huku kutosha ni kuwa kiasi cha haja, basi, hawana kutosha kwingine. Wewe umeandika kwamba amekutoa nyumbani, amekufuta simuni, amekuondoa hata katika jina. Bwana wa gazeti amesoma kwamba umeridhika naye. Neno lile lile, Mwajuma, hata herufi haikubadilika.

Nilitaka kumweleza. Alipokuja Jumatatu alinishika mkono mbele ya wateja, akasema dada yangu ni mshairi wa furaha ambaye taifa lilikuwa likimngoja, nami sikujua taifa lipi. Nikamtafutia tu bush za gari lake.

Vitabu vyote nimevigawa, kila kimoja kimefika kwa mwenyewe. Mvua za masika zimeanza kwa fujo, Jangwani hapapitiki. Msalimie Jamali na nyumba yake.

Kaka yako,
Alimasi


Hewa Bora
tarehe 19 mwezi wa tano, 2024

Yaya,

Idi ilipita muzuri. Mama alivaa ile kanzu uliyotuma, akazunguka mu kartié yote na goti yake, akasema kwa kila muntu "ni mutoto wangu wa Dar". Baridi imeanza. Rehema, binti ya Jamali, sasa anasoma sana, hata banamuogopa.

Ile gazeti nilisomea Mama tukiwa tunachambua majani. Nilisoma mpaka pa "ameshashiba mapenzi" na tukacheka, tukacheka mpaka Mama akashika mbavu. Kisha nilisikia sauti yangu imekuwa ingine, nikaona nalia, na Mama akaendelea kuchambua majani bila kuniangalia. Njo namna yake ya kukushika mukono.

Usimurekebishe ule bwana. Nilifikiri mingi juu ya ile. Miaka yote bantu bananiambia niko mwanamuke wa machozi, na sasa kuko fasi moja mu dunia banazani niko na raha. Acha bazani. Hata mi nasoma ile maneno yake mara na mara, najaribu kuivaa sawa nguo ya muntu mwingine, nione kama inanikaa.

Na Mardochée, sikia. Ile gazeti ilifika mpaka kwake, sijue nani alimupatia. Siku ya kwanza iliyofuata akasema ku radio: "Kama nilivyosema tangu mwanzo, hapa kuna sauti mpya." Tangu mwanzo, Yaya. Nilikuwa ku soko, banamuke bote bakageuka kuniangalia, na Tracy anayeuza samaki akasema kwa nguvu, "Mwanzo gani, ule wa maziwa?"

Mais kitu kimoja kinanikula. Bwalya ni mutoto wa hapa kwetu, mais iko huko miaka mingi. Anakula na bantu ba kule, anafanya kazi na bo, pengine hata anaota kwa Kiswahili yabo. Akisoma "umenitosha" anasikia na sikio gani? Akisikia na sikio ya kwetu, atajua alichonifanyia. Akisikia na sikio ya huko, atazani namushukuru. Atafunga kitabu na roho nyeupe, atasema, bon, Mwajuma ameridhika, basi.

Umeandika kila kitabu kimefika kwa mwenyewe. Na uso wake?

Mwajuma


Kariakoo
25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Shemeji yako aliugua malaria, amepona. Kisha tulihamisha duka, mtaa ni ule ule ila sasa tuko upande wa jua, na mchana mzima nauza spea huku nimekunja uso. Kuna joto la ajabu kwa msimu huu. Ndizi zimepanda, nyanya zimeshuka. Mama asiache kupaka ile dawa ya goti.

Shairi lako limetuponyoka, Mwajuma. Mtangazaji mmoja alilisoma kwenye kipindi cha salamu, na tangu hapo limekuwa la harusi. Washereheshaji wanalisoma kabla ya keki. Bwana harusi anamwambia bibi harusi "umenitosha mu nyumba", ukumbi unapiga vigelegele. Hiyo "mu" yetu wanaiona tamu, wanasema ina ladha ya kizamani. Mistari miwili wameanza kuichapa hata kwenye kadi za mwaliko. Nimeona moja.

Si wote waliokupenda. Mzee mmoja wa vina na mizani ameandika kwamba hilo si shairi hata kidogo, ni mtu aliyechoka njiani akakaa. Nikasema moyoni, huyu angalau amekaribia. Na kijana mmoja wa chuo amekuhesabia makosa ya sarufi, "mu nyumba" badala ya "nyumbani", na kadhalika, akamalizia kwamba mapenzi si sababu ya kuharibu lugha. Wote hao, wanaosifu na wanaoponda, hakuna aliyeuliza nyumbani kwenu neno hilo lina maana gani.

Mchapishaji wa hapa anataka kukitoa upya. Anauliza kama uongeze ukurasa wa mwisho wa kueleza maneno. Nimemwambia nitakuuliza, kwa sababu ukilieleza neno hilo moja, harusi zote hizi zitanuna.

Kuhusu lile uliloniuliza, nitakuandikia nikitulia.

Alimasi


Hewa Bora
tarehe 30 mwezi wa kenda, 2024

Yaya,

Tuko bazima. Mama iko muzima.

Umeniandikia joto, umeniandikia ndizi, umeniandikia nyanya. Barua mbili naku­uliza uso wa muntu mumoja, na barua mbili unanipa bei ya soko. Nakujua toka utoto. We ukivunja kitu unaanza kusifu hali ya hewa.

Ameoa? Andika tu. Mi siko yai.

Mwajuma


Kariakoo
3 Novemba 2024

Mwajuma mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umenikamata. Basi nakuandikia bila salamu ndefu, unisamehe.

Kitabu nilimpa mwezi wa tatu, mwanzoni mwa Ramadhani. Alikuja mwenyewe dukani kutaka vichujio vya mafuta. Nilikiweka juu ya boksi, akalisoma jina lako kwenye jalada, akakitia ndani ya shati, siyo mfukoni, ndani ya shati. Uso wake haukuwa na kitu cha kuandika, ndiyo maana sikuandika. Alipofika mlangoni ndipo akageuka akaniambia kuna msichana wa Tabata, mambo yameshafika kwa wazazi.

Ile kadi niliyokwambia nimeiona, yenye mistari yako, ilikuwa kadi yake. Bibi harusi ndiye aliyeichagua. Yeye alisikia shairi redioni, akalipenda kama wenzake. Hajui lolote, na nilivyomwona ni mtu mwema. Bwalya angemwambiaje asiitumie?

Nilikwenda, Mwajuma. Sisi wa kutoka Kongo huku tu wachache, tunaalikana, na kukosekana kungesema zaidi kuliko kuwapo. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Oktoba. Mshereheshaji alisimama kabla ya keki, akatangaza "shairi la dada yetu wa Kongo", akalisoma lote kwa madaha. Kila "umenitosha" watu walishangilia, na bibi harusi alikuwa akimwangalia mumewe, anacheka, amefurahi kwelikweli. Bwalya alikuwa akiangalia keki. Ukumbi mzima tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, tuliosikia wewe unafukuzwa chumba baada ya chumba. Nilipofikiri hivyo chakula kilinishinda.

Wakati wa kuondoka Bwalya alinisindikiza hadi kwenye geti. Spika zilikuwa zinapiga hadi ardhi inatikisika. Aliniinamia sikioni, akasema: "Mwambie sikumtosha." Akarudi ndani.

Sasa njia nzima, na tangu siku hiyo, najiuliza kitu kimoja. Akiwa amesema "sikumtosha", cha huku, basi anakiri kwamba hakuwa mtu wa kukufaa, hakukufikia. Akiwa amesema "sikumutosha", cha kwetu, basi anakana, anasema hakukutoa, bado umo. Tofauti yote ni ile u katikati. Na mimi kwa makelele yale, wallahi, sikuisikia u. Sijui kama haikuwapo au mimi ndiye nimeshazoea kutoisikia.

Ndiyo maana nilikaa kimya. Ningekupa jibu ambalo sijui ni lipi.

Alimasi


Hewa Bora
tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili, 2024

Yaya,

Waaleikum salaam, hata kama haukuandika salamu mi naitikia. Mvua imeanza, mito yote ya kartié imejaa maji ya rangi ya chai. Barua yako niliisomea mu duka, nikafunga duka, nikaenda nyumbani kwa mguu. Mama aliniangalia tu, akaniwekea maji ya kuoga. Nilimuambia mu usiku wa pili. Akasema, "Mukwe wangu ameoa bila mi."

Sikukasirikie. Nilikasirika siku tatu, ikaisha.

Nimesema ile maneno yake kwa sauti zote mbili, mu jiko, mu njia, ku kioo. Sikumtosha. Sikumutosha. Ya kwanza ni ya muntu anayeomba pole na kufunga mulango taratibu. Nitaikubali, ni maneno ya heshima. Ya pili, Yaya, ya pili siwezi hata kuikamata muda murefu, inaniunguza mikono.

Unisikie muzuri. Sitaki aache bibi yake. Ule binti alisikia raha mu mashairi yangu fasi mi niliweka kilio, na pengine raha iko, mi njo sikuiona. Sitamubomolea nyumba. Sitaki namba yake ya simu, usinipatie hata nikikulomba. Nataka kujua tu kama niko fasi moja mu dunia mbali na hapa. Muntu anaweza kuishi na kidogo sana, mais lazima ajue kama ni kidogo ao ni bure.

Donc umupigie. Hapana kumuuliza ya mapenzi, atakuwa mwongo juu ya huruma. Mulombe tu aseme neno moja kwa Kiswahili ya kwetu, neno yoyote, muntu, mutoto, mukate. Kama ile u iko angali mu kinywa yake, basi siku ile ku geti ilikuwa mu kinywa yake. Kama imetoka, imetoka, nitamuweka chini na nitapumzika.

Yule wa kuchapa kitabu, mwambie angoje. Sijue bado kama nitaeleza ile neno. Mardochée amenialika ku radio tuiongelee, nimekataa. Nitamuambia nini, na jibu lenyewe iko ku Tabata?

Fanya haraka, kama unanipenda.

Mwajuma


Kariakoo
19 Januari 2025

Mwajuma,

Sisi wazima. Mpe Mama pole yangu, mwambie nimeipokea ile kauli yake kana kwamba ni mimi niliyeoa bila yeye.

Nilimpigia Ijumaa baada ya swala. Alikuwa bandarini, foleni ya malori haisogei, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kuongea. Tuliulizana habari za kazi. Anaongea cha huku kabisa sasa, "vipi bro", "hamna noma", ungemsikia usingemjua. Moyo wangu ulishuka, nikafikiri, basi, nitakuandikia barua fupi.

Nikamwambia ulichotaka. Nikamwambia: Mwajuma anaomba useme neno moja tu kwa Kiswahili cha nyumbani, neno lolote, kisha nikuache. Nilisikia mtu anampigia honi nyuma, ikapigwa tena, naye hakusogeza gari. Nikadhani simu imekatika, nikaita jina lake.

Akasema, polepole: "Alimasi, mwambie ile luga nimeisahabu."

Nikamwambia sawa, tukaagana. Nilikuwa nimeshatia simu mfukoni na kumgeukia mteja ndipo nikasikia alichosema. Hakusema "lugha", na hakusema "nimeisahau". Alisema nimeisahabu, kwa ile b, kama anavyosema Mama, kama ulivyokuwa ukisema wewe ukitumwa chumvi ukarudi mikono mitupu.

Nimeishi Dar miaka hii yote, Mwajuma. Watu wa hapa wanasahau. Hakuna hata mmoja wao anayesahabu.

Alimasi